Kamba Inaharibu Picha

Lornah, dada tuliyepakana naye ukuta pale Woodley, si mtu wa kusadiki mizimu. Ndiye aliyekuwa akitucheka sisi wengine tukiogopa paka weusi. Ni mwanamke wa kazi na wa maneno machache, na Ijumaa ile aliamka kama siku zote, akamwekea mdogo wake Ogutu chai kwenye thamosi, akafunga kitambaa kichwani, akateremka River Road.

Kazini kwake ni ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba na mifereji, kwenye kiwanda kidogo cha kuchapisha mabango. Mwenye kiwanda, Tejas, alikirithi kwa babake, na hugombana na kila mtu kuhusu wino, lakini humwachia Lornah mashine kubwa ya mabango bila kumsimamia. Asubuhi ile alichapisha bango la mkutano wa injili, akachapisha la mazishi, akanywa maji. Kisha akafungua kazi iliyofuata kwenye kompyuta na kuona jina la mteja: Povu Kali.

Povu Kali ndiyo kampuni iliyomuua kaka yake. Nasema iliyomuua, na atakayeudhika na audhike. Hupeleka watu wa ofisi za Nairobi kule Sagana kuteremka mkondo mkali wa mto Tana kwenye maboti ya mpira. Kaka mkubwa wa Lornah, Were, alikuwa nahodha wao. Alikaa kiti cha nyuma, akiongoza boti kwa kasia na kuwapigia wateja kelele wapige makasia pamoja. Mwezi wa Aprili, mto ukiwa umefura, wimbi lilimrusha nje. Wateja wote walifika salama. Were hakuonekana tena.

Mwenye kampuni anaitwa Quincy. Alikuja Woodley na unga na sukari, na machozi yaliyokauka kabla hajalifikia gari lake. Akaeleza kwamba Sammy, yule wa uokoaji, alimtupia Were kamba mara mbili akamkosa. Mto ndio ulioamua, akasema. Akatafutisha siku chache, kisha akadai maji ni mengi na mamba ni wengi. Akalipa jeneza na gari la kwenda kwao Samia, ili familia izike shina la mgomba badala ya mwili, kama wafanyavyo kwao mtu akipotea majini.

Lakini kwao mgomba hauzikwi hivi hivi. Kwanza mtu wa damu huenda ukingoni, akamwita aliyezama kwa jina lake na kumwonyesha njia ya nyumbani. Quincy hakumruhusu yeyote afike mtoni, akisema eneo lile ni hatari. Ukweli ni kwamba ulikuwa msimu wa wateja, na hakutaka watu waliao kando ya maboti yake. Wazee walinung'unika, ila jeneza lilikuwa limeshanunuliwa na mahema yameshasimama. Mama yao, Annah, alipoulizwa, alitikisa kichwa kukubali, vile mtu aliyepigwa mno hukubali lolote. Basi wakaufukia mgomba uliovishwa shati la mwanawe.

Kisha, kama vile hayo hayakutosha, Quincy alimpigia Ogutu simu na kumpa kiti cha Were. Kiti kile kile, na jaketi la kuelea la Were, lile la akiba. Ogutu alikuwa amekaa miaka bila kazi, akakubali kabla dadake hajamaliza kupiga kelele. Safari yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi, kesho yake. Wiki nzima Lornah alikuwa anataka jambo moja tu duniani, Ogutu asiingie boti lile, na wiki nzima Ogutu alimjibu kwamba kaka alikosa bahati, si kwamba kazi ni mbaya.

Sasa picha ya Povu Kali ilikuwa mbele yake, na lile bango lilitakiwa mchana huo huo. Ilionyesha boti la buluu likitoka kwenye wimbi na wateja wakiinua makasia juu na kucheka. Lornah aliitazama kwa chuki ya kawaida, kisha akaisogelea skrini. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Alizijua zile nyuso. Walikuwa wateja wa siku ile ya Aprili, maana wawili wao walikuja Woodley kutoa pole. Picha ilipigwa Were akiwa ameshaanguka. Tena ilipigwa kutoka chini, usawa wa maji, mahali ambapo huwa kuna mtu mmoja tu. Were aliwahi kumwonyesha kazi yote mezani kwa sufuria na vijiko. Mtu wa uokoaji hutangulia kwa mtumbwi mdogo, akangoja chini ya mkondo kuwadaka wanaoanguka. Hashiki kitu ila kasia na kamba. Na mtu anayezama, Were alisema, hamjui hata ndugu yake. Ukimwendea na mikono mitupu atakukwea kichwani mfe wote wawili. Mtupie kamba, nawe ushike upande wako.

Lornah akabonyeza kitufe cha kuchapisha. Baadaye alisema hajui kwa nini. Labda hasira ilitaka kuiona picha ile kwa ukubwa wake.

Bango likatoka polepole. Nyuma ya boti, katikati ya povu, kulikuwa na mkono. Mkono wa kushoto, umefunguliwa, na kidole cha pete kimeishia kwenye kiungo cha kwanza. Were alikatwa kidole hicho na mashine ya kusaga alipokuwa mdogo. Lornah akarudi kwenye kompyuta, akaivuta picha ikawa kubwa. Povu tu. Hakukuwa na mkono.

Akachapisha tena. Safari hii mkono ulikuwa umesogea na kulikaribia boti, na kiwiko kimetoka nje ya maji.

Tejas alikuja kuuliza wino unachezewa na nani. Akatazama bango la kwanza, akatazama la pili. Akapitisha kidole gumba juu ya povu, na kidole kikalowa, ingawa mashine ile hukausha wino kwa moto. Hakikutoka na rangi. Kilitoka na tope.

"Lornah," alinong'ona, "hii si wino."

Akachomoa waya ukutani. Taa za mashine zikazimika. Feni ikanyamaza. Mashine ikaendelea kuchapisha.

Ilichapisha bango la tatu lote, taratibu, katika ukimya, huku waya ukiwa mkononi mwa Tejas. Safari hii kulikuwa na uso. Ulikuwa chini ya maji, nyuma tu ya mteja wa mwisho, macho wazi. Filimbi yake ya kuitia msaada ilikuwa imebanwa katikati ya meno.

Tejas akarudi nyuma mpaka mlangoni, akamwambia wayateketeze mabango yote. Lornah hakumsikia. Mikono yake, iliyozoea kazi, ilikuwa imeshaanza kutia pete za chuma pembeni mwa bango na kupitisha kamba ya nailoni ya kulitundikia. Ile hofu ilikuwa imeingia, ndiyo, lakini ilikuta hasira imeshakalia kiti. Alikunja bango la tatu, akaliweka kwapani, akashuka ngazi.

Alijua Sammy alipo. Alikuwa amemwona zaidi ya mara moja akinunua mandazi upande wa pili wa barabara, akigeuza uso. Alikuwa amejificha kwenye gesti moja hapo hapo River Road, na wa mapokezi akamwelekeza Lornah chumba bila kuuliza. Sammy alifungua mlango kidogo, akamwona, akauachia. Chumba kilinuka sabuni na unyevu. Tundu la sinki lilikuwa limezibwa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa ameweka tofali.

Lornah akakunjua kona ya bango, akamwonyesha. Sammy alikaa kitandani kwa kishindo.

"Ulirusha kamba mara ngapi?" Lornah aliuliza.

"Hakukuwa na kamba."

"Ilikuwa wapi?"

"Ilibaki kwa gari. Quincy alinipea kamera. Akasema klienti wanataka picha wakitoka kwa wimbi. Akasema kamba inaharibu picha, ni orange sana."

Aliongea akitazama sinki. Akasema Were alipita karibu naye sana, karibu kama kitanda kile na mlango. Alikuwa anapuliza filimbi. Boti nalo lilikuwa ndiyo linatoka kwenye wimbi, na watu wameinua makasia.

"Nikamwambia ngoja kidogo," Sammy alinong'ona. "Lornah, nilimwambia angoje."

Hapo Lornah angemzaba kofi, na mimi ningempongeza. Lakini tofali lilisogea. Kitambaa kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, kama kifua cha mtu anayelala. Kutoka chini ya bomba ikasikika filimbi, ndogo, iliyojaa maji. Sammy alijifunika masikio kama mtu aliyezoea, akasema kila siku ni hivyo, na kwamba Quincy ameshamwambia kesho mambo ni yale yale, kamera kwenye mtumbwi na kamba garini. Lornah akamwambia ainuke waende wote wakamwambie Ogutu. Sammy akatikisa kichwa. Hakuinuka.

Mwoga. Na Lornah alimwambia hivyo kabla ya kutoka.

Simu ya Ogutu haikushikwa. Lornah alikumbuka kwamba Ijumaa mchana huwa wanafanya mazoezi nyumbani kwa Quincy, Muthangari, kwenye bwawa lake la kuogelea, mbele ya wateja wa kesho. Akapanda bodaboda, bango mapajani. Njia nzima lilikuwa likilowesha sketi yake.

Nyumba ya Quincy iko nyuma ya ukuta mrefu wenye maua, na geti lake ni jembamba, gari ndogo hupita kwa shida. Ndani kulikuwa na watu wa ofisi fulani, wamevaa miwani ya jua na kushika glasi za juisi, wamelizunguka bwawa. Ogutu alikuwa majini na jaketi la Were, akiwaonyesha namna ya kuelea chali, miguu juu, vidole vikitazama mbele. Alimwona dadake akampungia mkono. Alikuwa na furaha, na jambo hilo ndilo lililomuumiza Lornah kuliko yote.

Musili, mtunza bustani, alimpokea bango akaenda kulitundika ukutani. Quincy alikuja na tabasamu, akamshika Lornah kiwiko, akamvuta kando.

Lornah alimwambia yote kwa mkupuo: kiti kitupu, kamera, kamba iliyobaki garini. Hakupaza sauti. Quincy alisikiliza huku akiwatazama wageni wake, na unajua alichojibu? Hakukana. Alisema hakuwa ameangalia hicho kiti.

"Ni picha poa tu, Lornah. Tulikuwa tunahitaji picha."

"Ni kaka yangu akifa."

"Please, si hapa. Kuna klienti. Na mazishi si tulifanya? Mgomba si ulizikwa? Nililipa kila kitu."

Ndivyo walivyo watu hawa. Hata ubaya hawaufanyi kwa kukusudia, maana kukusudia ni kazi. Lornah alifungua mdomo kumjibu. Wageni wakapiga makofi. Bango lilikuwa limetandazwa ukutani na walikuwa wakilisifia, jinsi linavyopendeza, jinsi maji yanavyoonekana ya kweli. Lornah akageuka kulitazama.

Boti lilikuwepo. Wateja wa Aprili walikuwepo. Povu lilikuwepo.

Were hakuwemo tena.

Ndipo filimbi ikalia. Haikutoka ukutani. Ilitoka bwawani.

Ogutu alikuwa amemaliza kuelea, akasimama upande wa kina kifupi, maji yakimfika kifuani. Akataka kupiga hatua. Mguu haukuja. Akacheka, akajaribu tena. Mguu haukuja. Akainama kidogo mbele, kama mtu anayesukumwa mgongoni.

Maji ya bwawa yalikuwa yametulia. Kila mahali. Ila mgongoni mwa Ogutu. Pale yalipanda. Yalimpiga, yakampita mabegani, yakatoa povu, vile maji ya mto yanavyopiga jiwe. Were alikuwa amemweleza Lornah jambo hilo pia. Mtoni husimami. Ukisimama mguu hunaswa na mawe ya chini, na mto hukulaza kifudifudi juu ya mguu wako mwenyewe. Lakini hapa hapakuwa na mto.

Kichwa cha Ogutu kikaingia majini.

Wageni wakatoa simu. Wote. Wakaanza kurekodi.

"Hivyo ndivyo, guys," Quincy alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo tu. "Ni demo."

"Kamba," Lornah akasema. "Kamba iko wapi?"

Hapakuwa na kamba. Kwenye nyumba nzima ya mtu anayeuza mto hapakuwa na kamba. Mwanamume mmoja akavua viatu aruke. Lornah akamkamata shati akamrudisha nyuma. Akakimbia ukutani. Akang'oa bango, akachomoa nailoni kwenye pete zake, ikamchana kiganja. Akarudi ukingoni. Akarusha.

Akakosa.

Akavuta, akarusha tena. Kamba ikaangukia kwenye povu na mkono ukatoka ukaishika. Mkono wa kushoto. Kidole cha pete kifupi.

Kamba ikakaza. Lornah akaburutwa mpaka magoti yake yakagonga vigae. Uzito ule haukuwa wa mtu mmoja. Maji yakageuka rangi ya udongo. Akaona, chini, mikono imemkumbatia Ogutu shingoni, inamkwea, inampanda, inatafuta hewa. Hasira ikamtoka yote kwa mara moja. Si kwa Quincy. Kwa kaka yake. Alimkasirikia kaka yake kama mtu aliye hai.

"Were," aliita. "Were mwana wa Annah. Huyo ni Ogutu. Mwachilie. Toka majini, nyumbani ni huku."

Filimbi ikalia.

"Nyumbani ni huku, Were. Hakuna aliyekuita. Sasa ninakuita mimi."

Filimbi ikakatika katikati.

Kamba ikalegea. Ikakaza tena, nyepesi sasa, na aliyeishika alikuwa Ogutu. Lornah akavuta. Yule aliyevua viatu akaja akashika nyuma yake, na Musili nyuma ya huyo, wakamtoa Ogutu mpaka kwenye vigae. Mguu wake wa kulia ulikuwa umechubuka pande zote mbili, na kiatu hakipo. Alitapika maji ya kahawia yenye mchanga. Alipoweza kusema, alimshika dadake nguo na kumnong'oneza.

"Hakunijua, dada. Nilimwita jina. Hakunijua."

Lornah alimfuta uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akasimama, akamwendea Quincy, akamwambia mbele ya wageni wote kwamba kaka yake wa kwanza aliuawa kwa sababu ya picha, na kwamba wao waliosimama hapo na simu walikuwa wakimsaidia kuua wa pili. Watu waliteremsha simu zao. Hakuna aliyeenda Sagana Jumamosi ile. Ogutu alilala nyumbani Woodley, dadake akikaa kwenye kiti mlangoni, na tangu siku hiyo Ogutu hata kuoga hujimwagia maji kwa kikombe.

Quincy hakuwa mtu wa kukubali. Video zilikuwa zimeshaanza kusambaa, akataka pa kutupia lawama, akatangaza kwamba mguu wa kijana ulinaswa na kifuniko kibovu cha kutolea maji na atamshtaki fundi aliyelijenga bwawa. Ili apate kupiga picha za hicho kifuniko, akamwagiza Musili alikaushe. Musili ndiye aliyempigia Lornah simu. Hakueleza. Alimwambia tu aje.

Lornah alikuta bwawa tupu. Kifuniko cha kutolea maji kilikuwa kizima, upande wa pili kabisa. Pale Ogutu aliposimama kulikuwa na jiwe. Jiwe jeusi, refu kuliko meza, limelainika mwili mzima kama mawe ya mtoni yanavyolainika, na lina ukoga wa kijani upande mmoja. Wafanyakazi watano walikuwa wamejaribu kulitikisa wakashindwa. Vigae vilivyo chini yake havikuwa na ufa wowote. Lori haliwezi kupita geti lile.

Quincy alikuwa amesimama juu ukingoni, rangi imemwisha, akiuliza kwenye simu kama kuna mtu wa nyundo anayeweza kulivunja kabla polisi aliowaita mwenyewe kwa ajili ya fundi hawajafika. Lornah hakumtazama. Alishuka ngazi za bwawa akalizunguka jiwe. Lilikuwa na ufa katikati, mwembamba juu, mpana chini, wa kuingia mguu wa mtu. Kiatu cha Ogutu kilikuwa kimelala hapo kando, kimelowa.

Ndani zaidi ya ufa kulikuwa na kiatu kingine, kikubwa, cha zamani, kimeganda tope. Kamba zake zilikuwa zimefungwa mafundo mawili, vile Were alivyozoea kuzifunga. Musili aliingiza mkono mpaka begani, akakishika, akakivuta kidogo. Kisha akakiachia, akamtazama Lornah, na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hakikuwa kitupu.